Sindano ya jioni: kisa cha wanandoa wazee na kisukari

Karatasi ya rufaa iliyotufikia ustawi wa jamii kutoka kliniki ya sukari ilikuwa na mstari mmoja: "Mgonjwa hafuati masharti. Apewe ushauri nasaha." Mgonjwa mwenyewe ni mzee wa miaka 71, mkazi wa wilaya ya Temeke, fundi mitambo mstaafu. Ana kisukari aina ya pili kwa miaka kumi na miwili, ana presha, na kwa miaka miwili sasa anachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Daftari lake lilionyesha kuwa dozi imepandishwa mara tatu mfululizo. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ambacho kwa mtu asiye na kisukari huwa chini ya asilimia 6, kwake kilisoma 11.4.

Dozi inapanda, sukari haishuki. Kliniki iliyojaa watu mpaka kwenye korido ina majibu mawili ya haraka kwa jambo kama hilo: ama mgonjwa hajichomi, ama anakula vibaya. Yote mawili yalikuwa na ukweli wake hapa. Lakini hakuna aliyeuliza sababu, na sababu haikuwa kwa Mzee peke yake. Ilikuwa kati yake na mkewe, na ndiyo maana nakiandika kisa hiki kwa kirefu. Jina kwenye faili lilikuwa moja, waliokuwa wanaumwa ni wawili, na kila mmoja alikuwa anazidisha maradhi ya mwenzake kwa jambo alilolifanya kwa mapenzi.

Naandika kwa ruhusa yao wote wawili. Sitaji majina, mtaa wala hospitali, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha. Nitawaita Mzee na Mama, kama tunavyowaita ofisini.

Mama ndiye aliyebeba faili siku ya kwanza. Nilimwamkia Mzee, akaitikia marahaba, na baada ya hapo sikumsikia tena. Kila nililomuuliza lilijibiwa na mkewe. Anakula nini? "Ugali nimemwondolea kabisa, wali nimemwondolea, chai haina sukari." Analala? "Usiku kucha anaamka kwenda haja ndogo." Anajichoma? "Anajichoma, mjukuu anamvutia dawa mbele ya macho yangu." Alijibu kwa haraka ya mtu anayejitetea, na kweli alikuwa anajitetea: kliniki iliyotangulia aliambiwa mbele ya wagonjwa wengine kwamba huyu mzee anapikiwa vibaya. Nilipomgeukia yeye na kumuuliza analalaje, akashangaa. "Mwanangu, mimi siumwi."

Jibu hilo nalisikia sana kwa wake wa wagonjwa, na kila nikilisikia huwa nasimama hapo kwanza. Nilimwomba muuguzi ampime presha. Ilikuwa 178 kwa 104. Alikuwa na miaka 66, aliwahi kuandikiwa vidonge vya presha, na alikuwa ameviacha zaidi ya nusu mwaka. Kwenye kliniki hiyo hiyo alikokuwa anamleta mumewe kila mwezi, hakuna aliyewahi kumfunga mkono kifaa cha kupimia.

Nyumbani

Nyumba yao ni ile ya Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, uani choo na jiko la mkaa. Mzee aliijenga kidogo kidogo enzi za kazi. Vyumba vitatu vina wapangaji na kodi yao ndiyo inayoendesha nyumba. Mama alikuwa anauza vitumbua na chai barazani kuanzia alfajiri, biashara iliyosomesha watoto wanne. Aliiacha Mzee alipoanzishiwa insulini, kwa sababu saa ya kuchoma vitumbua ndiyo saa ya sindano na kifungua kinywa cha mgonjwa. Biashara ilipokufa, akashindwa kuweka hisa kwenye kikoba, akajitoa kwa aibu. Friji liliuzwa.

Insulini sasa inakaa kwenye chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga uliolowana ndani ya beseni, kona yenye kivuli. Wahudumu wengine hukicheka chungu. Mimi sikukicheka. Udongo wenye unyevu unapunguza joto kwa nyuzi kadhaa, na chupa ikishafunguliwa inaweza kukaa nje ya friji takriban wiki nne mradi joto halizidi 30 au karibu na hapo. Chini ya bati la Dar es Salaam mwezi wa pili, joto linavuka kiwango hicho kabla ya adhuhuri.

Nilikuwepo wakati wa sindano ya jioni. Mjukuu, mwanafunzi wa darasa la sita, alitoa chupa chunguni, akaiviringisha taratibu kati ya viganja mpaka weupe ukasambaa sawasawa, kisha akasogea dirishani penye mwanga. Macho ya Mzee hayaoni tena mistari ya bomba la sindano. Ya Mama nayo hayaioni bila miwani, na miwani ilivunjika. Mtoto akavuta dawa, akagonga bomba kwa ukucha kutoa kiputo cha hewa, akasoma kwa sauti: "Babu, imefika ishirini na nane." Akaandika kwenye daftari. Mzee akaipokea sindano, akaingia chumbani, akashusha pazia. Akatoka na bomba tupu.

Chupa inapungua kama inavyotakiwa, bomba linarudi tupu, daftari lina alama kila jioni. Ndiyo maana hata duka la dawa na kliniki hawakushuku sindano, wakashuku sufuria la Mama.

Alichosema Mzee

Nilikaa naye barazani, Mama akiwa amekwenda sokoni Tandika. Sikumuuliza kuhusu dawa. Nilimuuliza ni lini mara ya mwisho aliogopa. Akanyamaza kitambo, akanisimulia usiku mmoja wa mwaka uliopita. Alilala bila kula vizuri kwa sababu chakula kilikuwa kidogo na hamu hakuwa nayo. Usiku wa manane sukari ikashuka. Alilowa jasho, akaanza kuropoka, akamsukuma mkewe bila kumtambua. Mama alipiga kelele, mpangaji wa chumba cha mbele akaja, wakammiminia soda mdomoni, wakampakia kwenye bajaji yake. Mzee hakumbuki lolote la usiku huo. Anachokumbuka ni uso wa mkewe asubuhi yake.

"Tangu siku ile halali," aliniambia. "Anakaa macho. Kila saa ananishika shingo kuona kama nina jasho. Binti yangu, mimi nimemwoa yule mwaka 1978. Hajawahi kukaa siku nzima bila kazi. Sasa ananilinda usiku kama mlinzi, na mchana anasinzia jikoni karibu na moto. Ndiyo nikasema, kama ni sindano ya jioni inayoshusha sukari, basi ya jioni naimwaga. Naimwaga kwenye kitambaa. Ya asubuhi najichoma."

Sasa tazama mzunguko uliotokea. Mzee anamwaga dozi ya jioni ili mkewe alale. Sukari inapanda usiku, na sukari ikipanda figo hutoa mkojo mwingi, hivyo anaamka mara kwa mara, na kila akiamka Mama naye anaamka akidhani ni ile hali tena. Asubuhi ya kliniki kipimo kiko juu, Mama anaambiwa chakula ndicho tatizo. Anarudi nyumbani anapunguza chakula zaidi. Mzee anakonda, anaishiwa nguvu, anakuwa mkali. Daktari, kwa taarifa aliyonayo, anapandisha dozi ambayo Mzee hajichomi. Ikafika uniti 28 kwenye karatasi. Laiti siku moja angelazwa wodini akachomwa hizo 28 kwa uaminifu, juu ya chakula kile cha kujinyima, sukari ingeshuka vibaya kuliko usiku ule. Hili ndilo lililoniogopesha kuliko kipimo cha 11.4.

Alilisema na jambo la pili, ila hakuniambia mimi. Mzee wa makamo yake hawezi kumweleza mwanamke wa umri wa binti yake mambo ya chumbani, na sikumtarajia. Nilimwomba muuguzi wa kiume, mtu mzima, azungumze naye siku ya kliniki. Kumbe Mzee alihama kitanda cha ndoa akawa analala kwenye kochi sebuleni. Sababu aliyompa mkewe ni kwamba hataki kumsumbua akiamka kujisaidia. Sababu ya kweli ni kwamba mwili wake ulikuwa umeshindwa tendo la ndoa, na alinunua unga wa nguvu za kiume kwa mchuuzi, ukampandisha mapigo ya moyo bila faida nyingine yoyote.

Takriban nusu ya wanaume wenye kisukari hupatwa na hali hii. Sukari ya muda mrefu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, presha inaongezea, na baadhi ya dawa za presha zinaongezea pia. Ni dalili ya kitabibu ambayo daktari anatakiwa kuijua, kwa sababu mara nyingi inatangulia matatizo ya moyo. Ule unga wa mitaani ni hatari ya ziada: baadhi yake huchanganywa kisirisiri na dawa za hospitalini, na kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti mchanganyiko huo unaweza kuangusha presha ghafla hata kuua. Kliniki zetu zinawauliza wazee miguu ina ganzi au haina. Swali la kitandani haliulizwi kabisa, kana kwamba mtu akifika miaka 60 ameshaaga ndoa.

Alichosema Mama

Mama alizungumza akichambua mchicha uani. Kuhusu kochi alikuwa na tafsiri yake. "Amenichoka. Simlaumu, nimezeeka, nanuka moshi." Dada yake yuko Mbagala, na wamekuwa wakisimuliana kila kitu tangu utotoni, lakini hili hakumwambia. Mambo ya ndani hayatoki nje. Akaacha pia kwenda kwenye shughuli na misiba kwa hofu ya kumwacha Mzee peke yake, na wanawake wa mtaa wakaanza kusema ana maringo. Kwa wanawake wa rika lake Dar es Salaam, kukosa misibani si jambo dogo. Ukiacha kuwazika wa wenzio, unaanza kujiuliza nani atakuja kwako.

Vidonge vya presha aliviacha kwa hesabu rahisi: pesa ya vijiti vya kupimia sukari na pesa ya vidonge vyake zilitoka kwenye mfuko mmoja, na mgonjwa alikuwa Mzee.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema ana huzuni. Wazee wetu hawaji ofisini wakasema hivyo. Wanasema wana mawazo, usingizi haupo, mwili mzito, chakula hakina ladha, moyo unakwenda mbio. Mhudumu asiyesikiliza vizuri ataandika malaria au uzee. Niliwauliza kila mmoja peke yake maswali tisa ya kupima sonona, yale yanayohusu wiki mbili zilizopita na ambayo alama zake ni kuanzia 0 mpaka 27. Kuanzia 10 tunaanza kuhangaika. Mzee alipata 14. Mama, aliyesema haumwi, alipata 17.

Swali la tisa linahusu kufikiria bora kufa. Mzee alijibu, "Mungu akinichukua nitapumzika, na yeye atapumzika." Jibu kama hilo haliachwi lipite kwa sababu limetoka kwa mtu mzima mwenye ibada. Nilimuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru, kwa sababu mtu huyu analala nyumba moja na chupa ya insulini. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Kunampa pa kulitua kama analo. Alisema hapana, hajafikiria, anaomba tu. Nilimwamini, na bado tukakubaliana chupa na mabomba vitunzwe na Mama, na kwamba akianza kufikiria hivyo atamwambia yeye au muuguzi siku hiyo hiyo.

Inajulikana kwa muda mrefu kwamba sonona huwapata watu wenye kisukari kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wengine. Kisichozungumzwa vya kutosha ni mwenzi. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani, Richard Schulz na Scott Beach, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka minne wazee wanaoishi na wenzi wao. Waliokuwa wanamuuguza mwenzi na kuelemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wasiouguza. Watafiti hao hawakuwa wanamzungumzia Mama wa Temeke, lakini presha yake ya 178 ilikuwa inasema lugha hiyo hiyo.

Siku walipokaa pamoja

Niliwahi kuona wenzangu wakimaliza kesi kama hii kwa kumwambia mke siri ya mume pembeni. Sikubaliani na njia hiyo. Siri ni ya Mzee, aitoe mwenyewe. Ilichukua muda kumshawishi, na kilichomshawishi si hoja ya afya yake. Nilimwambia kwamba Mama anaamini amechokwa. Hilo hakuwa analijua, na lilimuuma.

Akaisema, mbele yangu na muuguzi, kwa sentensi fupi. Nilitegemea Mama atalia. Alikasirika.

"Kwa hiyo mwaka mzima mimi nakaa macho nakulinda na dawa usiyojichoma? Naambiwa mbele za watu nakupikia vibaya, na wewe umekaa hapo hapo kimya?"

Mzee akasema, "Nisamehe, Mama. Nilitaka ulale."

"Ungeniambia nilale!"

Hakuzungumza naye siku kadhaa isipokuwa kwa lazima ya chakula na dawa. Binti yao alinipigia simu akilalamika kwamba tumevuruga nyumba ya wazazi. Nilimwomba avumilie. Kwa maoni yangu hasira ile ndiyo iliyokuwa dalili ya kwanza ya Mama kurudi. Mtu mwenye alama 17 huwa hana nguvu hata ya kukasirika; hujilaumu tu. Mama alikuwa ameacha kujilaumu, akapata wa kumlaumu, na alikuwa na haki.

Kazi iliyofuata tuliifanya kwa mtindo wa kuchagua tatizo moja na kulishughulikia mpaka lipungue, kisha lingine. Huko Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia hivyo hivyo, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha waliopitia benchi hilo dalili zao zilipungua wazi baada ya nusu mwaka kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi hatukuwa na benchi, tulikuwa na baraza. Niliwauliza kila mmoja achague tatizo lake, si la mwenzake. Mama alichagua usingizi bila kufikiri. Mzee alichukua muda, akasema anataka kurudi kucheza bao, kwa sababu tangu aanze kukojoa mara kwa mara aliona aibu kukaa na wenzake.

Daktari alipoelezwa ukweli alifuta ile 28. Akaanza upya na dozi ndogo ya jioni, na akalegeza lengo: kwa mtu wa umri wake, mwenye maradhi mengine na ambaye sukari iliwahi kumshuka vibaya, kipimo cha miezi mitatu chini ya 8 kinatosha, hakuna haja ya kukimbizana na 6.5. Mama alisikia hilo kwa masikio yake, na nadhani lilimtua mzigo kuliko ushauri wangu wowote. Ugali ukarudi mezani, wa dona, kipande cha ukubwa wa ngumi, na mboga nyingi na dagaa. Kumkatia chakula chote mtu anayechoma insulini ni kumtegea.

Kisha tukaweka kanuni ya usiku. Anapima kabla ya kulala. Ikiwa chini, anakula kitu na kupima tena. Kando ya kitanda kuna kopo la sukari na chupa ya maji: sukari ya papo hapo kwenye mashine ikishuka chini ya 4 (mmol/L), vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, wasubiri robo saa, wapime tena. Kama hajitambui na hawezi kumeza, asipewe kitu mdomoni hata kidogo, maana kitaingia kwenye mapafu. Alazwe ubavu, na bajaji iitwe. Soda ile ya mwaka uliopita Mungu alisaidia tu. Mama akishajua la kufanya, hakuwa na sababu ya kukaa macho kulisubiri. Na kwa wiki za mwanzo binti alikuja kulala pale usiku mara mbili kwa wiki, yeye ndiye wa kuamka, Mama akafunga mlango wa chumba kingine akalala.

Gharama tulizishughulikia kwa njia iliyokuwepo siku zote. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasio na uwezo wana msamaha wa kuchangia matibabu katika vituo vya serikali. Mzee hakuwahi kuomba kwa sababu ana nyumba, akidhani mwenye nyumba hastahili. Mama hakuwahi kuomba kwa sababu haumwi. Walikwenda serikali ya mtaa, wakaandikiwa barua, wote wawili wakatambuliwa. Msamaha haumalizi kila kitu, kwani siku dawa ikikosekana dirishani utaandikiwa ukanunue nje, na vijiti vya kupimia bado wananunua. Lakini vidonge vya Mama anavipata. Nilihakikisha tarehe yake ya kliniki inaandikwa siku moja na ya mumewe, kwa sababu kama zingekuwa mbili angeikosa yake.

Watoto

Watoto wanne, na hakuna asiyetuma pesa. Nalisema hili kwa sababu ni rahisi kuwasema watoto vibaya. Kila mwezi kitu kinaingia kwenye simu ya Mama. Lakini niliwaomba wanisomee jumbe zao za kundi la familia, na swali lilikuwa lile lile kila Jumapili: Baba anaendeleaje? Hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza Mama anaendeleaje, miezi na miezi. Mama alikuwa amegeuka kuwa njia ya kupitishia habari za Baba. Niliwaambia hivyo hivyo, bila kupamba. Kifungua mimba alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani laini imekatika.

Wakaja na suluhisho lao, lile linalotolewa katika familia nyingi za mjini: wazee wagawanywe. Baba aende Dodoma kwa mtoto wa pili, ambako kuna nafasi na gari, Mama abaki kuangalia nyumba na wapangaji, "naye apumzike." Nia njema, na kwa maoni yangu ni dawa mbaya. Watu wawili waliokaa pamoja tangu 1978 huwatenganishi kwa sababu ya ratiba. Kinachowachosha ni ugonjwa usio na msaada. Kuwa pamoja ndiko kulikokuwa kunawashikilia, hata walipokuwa wanafichana. Nimeona wazee waliogawanywa hivi wakizima wote wawili, mmoja kwa upweke wa ugenini na mwingine kwa nyumba iliyobaki kimya. Mzee mwenyewe alijibu kwenye kikao, na hakuhitaji kusemewa: "Mimi si meza, kwamba nitahamishwa mwenyewe."

Miezi sita baada ya karatasi ile ya rufaa, kipimo cha Mzee kilikuwa 8.4. Alama zake za sonona zilishuka hadi 8, za Mama hadi 7. Presha ya Mama ni 142 kwa 86, daktari anataka ishuke zaidi. Amerudi kwenye kikoba kwa hisa ndogo, na vitumbua anachoma Jumamosi na Jumapili tu. Mzee yuko barazani na bao lake alasiri. Kitanda wamerudi kimoja. Tatizo la tendo halijapona, ila sasa linajulikana kwamba ni ugonjwa, na Mama anasema hilo linamtosha. Sikuuliza zaidi.

Yaliyobaki ni mengi. Macho yanasubiri tarehe ya kuonwa na mtaalamu. Ganzi ya miguu imeongezeka, na Mzee bado anapenda kwenda msikitini na ndala zilizochakaa, jambo ambalo mtu mwenye ganzi hatakiwi kulifanya kwa sababu anaweza kukanyaga msumari asijue. Mama amepewa kazi ya kumkagua nyayo kila jioni, naye amesema ataifanya kwa sharti kwamba Mzee naye amkumbushe vidonge vyake.

Dodoma wamekubali kwenda wote wawili kwa mwezi mmoja baada ya kliniki ijayo, kwa treni ya SGR kutoka Dar es Salaam, nyumba ikiangaliwa na binti. Nimewaelekeza insulini waibebe mkononi kwenye chupa ya chai yenye maji ya baridi, isigusane na barafu wala isiingie kwenye begi la mizigo. Wabebe na ya akiba, vijiti vya kupimia, barua ya daktari yenye dozi mpya, na vidonge vya Mama vya mwezi mzima kwenye mfuko wake mwenyewe.